Chupa Moja, Kazi Tatu: Historia ya Polishi Inayodai Kumaliza Kila Kitu Kwenye Gari Lako

Kile kideo mmeshakiona, msijifanye. Jamaa asiyejulikana jina, glavu nyeusi mikononi, amesimama mbele ya boneti iliyopauka kama ukuta wa chokaa. Anapuliza dawa upande mmoja, anafuta na kitambaa, na ghafla upande ule unang'aa mpaka unaweza kujitazamia ukichana nywele. Upande wa pili anauacha vilevile, umekufa. Huku chini watu wanaulizana bei, wengine wanataka kujua kama mzigo unatumwa mkoani.

Chupa yenyewe inaahidi kazi tatu kwa mkupuo mmoja: kusafisha, kung'arisha na kulinda rangi. Hakuna mambo ya dawa ya kwanza, subiri, halafu ya pili. Unapaka, unafuta, unaingia zako mjini. Wengi tunaiona kama teknolojia mpya iliyoshuka juzi na kontena, lakini ahadi hii ni ya kitambo sana. Hata huo mchezo wa kung'arisha nusu na kuacha nusu una historia yake, na ukiifuata unapata jibu la swali ambalo komenti hazijibu: ukiijaribu hii dawa kwenye ndinga yako, unapata nini na unatoa nini?

Enzi za rangi kukauka wiki nzima

Magari ya mwanzo yalipakwa rangi kama mabehewa ya farasi. Ilikuwa vanishi ya mafuta, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lilisubiriwa likauke, likasuguliwa, kisha likapakwa jingine. Kazi ilikula wiki kadhaa. Henry Ford yeye alikata mzizi wa fitina: kuanzia 1914 hadi 1925, Model T ilitoka kiwandani nyeusi tu. Ukitaka nyekundu, shauri yako.

Mambo yakabadilika na magari ya Oakland ya mwaka 1924, chini ya kampuni ya General Motors. Yalikuja na rangi ya bluu iliyopakwa kwa Duco, dawa mpya ya DuPont iliyotengenezwa kwa nitroselulosi. Duco ilikauka haraka mno, kazi ya wiki ikageuka kazi ya saa. Barabara za Marekani zikaanza kujaa rangi za kila aina.

Ila Duco ilikuwa na tabia zake. Ikikauka haikuwa inang'aa sana yenyewe, ilibidi isuguliwe. Na jua likiipiga muda mrefu, uso wake ulikufa ukabaki unga. Ukipitisha kidole, kinatoka na vumbi kama umeshika ubao wa darasani. Gari la miaka michache tu linaonekana zee. Hapo ndipo wauza polishi walipopata riziki ya uhakika.

Makopo mawili yaliyokataa kuwa moja

Jijini Chicago, karibu mwaka 1910, ilianza Simoniz, jina lililotokana na mtu aitwaye George Simons. Dawa hii ilipendwa mpaka jina likageuka kitenzi kwenye Kiingereza cha Wamarekani, kama ambavyo huku kwetu mtu anaambiwa apige viatu kiwi hata kama kopo ni la kampuni nyingine. Lakini Simoniz ilikuja na makopo mawili. La kwanza, lililoitwa Kleener, lilikuwa la kusafisha. La pili lilikuwa nta. Mwenye gari alisugua moja, akafuta, kisha akasugua la pili na kufuta tena, mpaka mkono unauma. Jumamosi nzima imeisha.

Kwa nini wasingechanganya tu? Hapa ndipo penye kiini cha stori yote, kwa hiyo tulia kidogo.

Kung'arisha rangi iliyokufa ni kukwangua. Ndani ya dawa kuna unga mgumu, laini sana, unaoondoa kile kijuu kilichochakaa ili rangi hai iliyo chini ionekane. Ni msasa, ila msasa wa kistaarabu. Kulinda ni kinyume chake: unataka kuacha kitu juu ya rangi, nta au mafuta, kitulie na kishike. Na ili kishike vizuri kinataka uso msafi usio na uchafu wala grisi. Sasa ukiweka vyote kwenye chupa moja, mkono uleule unaobandika kinga ndio unaoikwangua. Ukiongeza unga, kinga inapungua nguvu. Ukiongeza nta, unga unateleza na haukati vizuri. Kila chupa ya aina hii, toka enzi hizo hadi leo, ni mapatano kati ya maadui wawili.

Mtu wa kawaida hakutaka kusikia habari ya mapatano. Alitaka Jumamosi yake.

Redio, wacheshi wawili na gari lao

Hii ni ya wapenda burudani. Mwezi Aprili 1935, mtandao wa redio wa NBC ulianza kurusha kipindi cha vichekesho kiitwacho *Fibber McGee and Molly*, kikiigizwa na mtu na mkewe, Jim na Marian Jordan. Mdhamini alikuwa kampuni ya nta ya Johnson kutoka Racine, Wisconsin. Na kwa kuwa mdhamini alitaka kuuza polishi ya magari msimu huo, waandishi waliwafanya wahusika wawe safarini, wakizunguka barabarani na gari lao.

Ilipofika Septemba, wahusika wakashinda nyumba kwenye bahati nasibu, pale 79 Wistful Vista, wakatulia nyumbani. Kwa nini? Kwa sababu baridi ilikuwa inakuja na kampuni ilitaka sasa kuuza nta ya sakafu. Yaani mtaa maarufu kuliko mingi kwenye historia ya redio ya Marekani ulizaliwa kwa sababu msimu wa polishi ya magari ulikuwa umeisha. Ukiona staa wako leo kahamia ghafla kwenye kuposti sufuria, usishangae. Mchezo ni ule ule.

Johnson hao hao walikuwa na dawa ya maji iitwayo Carnu, iliyouzwa kwa ahadi ya kusafisha na kung'arisha kwa mpako mmoja. Ahadi ya chupa moja ikawa imeshapata mdomo.

Nta inatoka wapi?

Mwaka huohuo wa 1935, bosi wa kampuni, H. F. Johnson Mdogo, alipanda ndege aina ya Sikorsky S-38, ile inayotua majini na nchi kavu, akaruka kutoka Wisconsin mpaka Fortaleza, kaskazini-mashariki mwa Brazil. Alikuwa anaufuata mti mmoja tu, karnauba. Ni mti wa jamii ya mitende unaojikinga na ukame kwa kupaka majani yake nta. Alitaka kujua kama nta hiyo ingetosha kwa miaka ijayo.

Nta ya karnauba ni ngumu kuliko nta nyingine za asili tunazozijua. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 80 na kitu, wakati nta ya nyuki inayeyuka kwenye 60 na kitu. Ndiyo maana inapendwa kwenye magari yanayochomwa na jua. Ipo pia kwenye pipi na vidonge vya dawa, umeshaimeza mara nyingi.

Lakini haitoki kirahisi. Watu wanakata majani kwa kisu kilichofungwa kwenye mti mrefu, wanayaanika juani, kisha yanapigwa mpaka unga wa nta udondoke. Watu wa Tanga wanaojua kazi ya mkonge wataelewa jasho la shughuli kama hii. Na kuna upande mchungu: miaka ya karibuni wakaguzi wa kazi wa serikali ya Brazil wamewatoa wafanyakazi kwenye kambi za karnauba zenye hali ambayo sheria ya nchi hiyo inaihesabu kama utumwa. Hakuna maji salama, hakuna vyoo, watu wanalala nje. Kile kikopo chenye picha ya gari la kifahari kina watu wengi nyuma yake ambao hawajawahi kumiliki hata baiskeli nzuri.

Jamaa wa nje ya uwanja

Sasa tumfikie mwenye mchezo wa nusu kwa nusu. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Chicago tena, alikuwepo bwana mmoja aitwaye Benjamin Hirsch. Alikuwa anachanganya polishi ya maji kwenye beseni la kuogea nyumbani, anaijaza kwenye chupa, anaiita Plastone. Mtaji mdogo, duka hana.

Simulizi ya kampuni yake inasema alikuwa anakwenda Wrigley Field, uwanja wa besiboli, mechi ikiwa inaendelea. Magari yamepaki nje, wenyewe wako ndani wanashangilia. Anachagua gari, anang'arisha madigadi moja tu, halafu anakaa pembeni anasubiri. Mwenye gari anatoka, anakuta kipande kimoja kinawaka na gari zima lililobaki linaonekana chafu kwa mara ya kwanza. Utafanyaje? Unalipa amalizie, au unanunua chupa.

Baadaye, akiwa kwenye mizunguko yake ya kuuza huko Wisconsin, alipita mahali panapoitwa Turtle Creek, yaani kijito cha kobe. Akawaza gamba la kobe, gumu, linalomkinga mwenyewe. Plastone ikapata jina jipya: Turtle Wax. Kampuni ipo mpaka leo.

Angalia akili ya yule bwana. Hakuuza mng'aro, aliuza tofauti. Macho yetu hayajui kupima kung'aa, yanajua kulinganisha tu. Na kwa haki kabisa, mbinu yake ilikuwa na ukweli ndani yake, maana upande usioguswa ulibaki pale kama shahidi. Jambo moja tu hakuweza kumwonyesha mteja pale nje ya uwanja: gari lile litaonekanaje baada ya miezi miwili.

Silikoni, kinga na moto juu ya boneti

Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaingia silikoni. Dow Corning ilikuwa imeanzishwa mwaka 1943 kwa kazi ya vitu hivyo, na miaka ya 1950 mafuta ya silikoni yakaenea kwenye polishi. Yanateleza, yanafutika kirahisi, yanafukuza maji, yanaipa rangi kile kina kama imelowa. Mapatano ya chupa moja yakawa rahisi zaidi, kwa sababu sasa mtu angeweza kupata mng'aro mkubwa kwa kusugua kidogo. Waliolia ni mafundi rangi. Silikoni ikibaki kwenye bodi, rangi mpya inakataa kutulia, inajikunja na kuacha vishimo vya duara. Mpaka leo fundi mwenye akili anakuuliza umepaka nini kabla hajashika bunduki ya rangi.

Mwaka 1962 mkemia wa California aitwaye Joe Palcher alitengeneza dawa ya kuzuia plastiki na mpira visipasuke kwa jua. Aliiita Tridon. Miaka kumi hivi baadaye ikaingia sokoni kwa nguvu kama Armor All, na neno "kinga" likawa na uzito mpya madukani. Polishi tupu ikaanza kuonekana haijakamilika. Kila chupa ikataka kulinda.

Halafu yakaja yale matangazo marefu ya televisheni ya Marekani ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuendelea. Mtangazaji anapaka dawa kwenye gari la bei mbaya, anamwaga kitu kinachowaka, anawasha. Moto unapiga, unazimwa, anafuta na kitambaa, rangi nzima. Watu midomo wazi, simu zinaita.

Huo mchezo una siri ndogo. Kinachowaka ni mvuke ulio juu ya mafuta, siyo mafuta yaliyogusa bati, na bati lenyewe linasambaza joto haraka. Moto wa sekunde chache hauna muda wa kuichoma rangi, iwe imepakwa dawa au haijapakwa. Mle ndani hapakuwa na nusu ya pili. Hirsch aliacha shahidi, hawa wakamficha. Na tafadhali, usijaribu nyumbani kwa sababu tu umeielewa.

Ule wa maji kukimbia kama shanga nao ni hivyo hivyo. Ni kweli kwamba uso wenye nta unafukuza maji. Ila hata ukipaka mafuta ya nazi, maji yatakimbia. Shanga zinakwambia kuna kitu kinachokataa maji juu ya rangi, hazikwambii kitakaa siku ngapi.

Klia: kitu ambacho hakirudi

Badiliko kubwa kuliko yote lilitokea kiwandani. Kufikia miaka ya 1980 magari mengi yalianza kutoka na rangi kwa tabaka mbili: rangi yenyewe chini, na juu yake tabaka angavu ambalo mafundi wetu wanaliita klia. Ndani ya klia kuna dawa za kuzuia mionzi ya jua. Kinga halisi ya gari lako imeshapakwa tayari, na aliyeipaka ni kiwanda.

Tatizo ni unene. Klia ya kiwandani huwa na mikromita 40 au 50 hivi, mara nyingi nyembamba kuliko unywele wa kichwani mwako. Kila unga unaosugua unachukua kidogo. Dawa za chupa moja huwa na unga mwepesi, kwa hiyo mara moja kwa mwaka hakuna kesi. Lakini ukifanya kila wiki kwa sababu gari lazima lionekane kali kwenye picha, unaila akiba yenyewe. Na ikiisha hairudi. Yale mabaka meupe yanayobabuka kwenye mapaa na maboneti hapa mjini, jua la pwani likisaidia, ni klia iliyokufa. Hakuna chupa inayoifufua. Dawa itaficha kwa siku chache, kisha baka linarudi, na hela yako hairudi.

Hapo ndipo historia inapotugusa sisi wa huku. Magari mengi tunayonunua ni yaliyotumika Japani, na tunayanunua kwa macho yadi au kwa picha. Mafuta na nta za chupa moja yanajaza michubuko midogo na kuifanya isionekane, mpaka yaoshwe. Gari la yadi linang'aa lote, kila upande, hakuna nusu ya kulinganisha. Umelipa akiba ya miaka mitatu, na baada ya kuosha mara nne ndiyo unalijua sura.

Sasa tujaribu kama wakubwa

Hivi karibuni jamaa yangu mmoja alileta chupa ya aina hii. Hataki jina litajwe kwa sababu IST yenyewe bado anailipia kidogo kidogo. Tukakubaliana kuifanyia mtihani wa kweli. Tulilipeleka gari kivulini, tukaliosha, tukaliacha likauke na boneti lipoe. Tukabandika ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi katikati ya boneti. Nusu tukapaka, nusu tukaacha, tukafuta kwa kitambaa laini kikavu.

Siku ile, lazima tuseme haki, ilipendeza. Upande uliopakwa ulikuwa laini kama kioo, na ile michubuko ya duara inayoletwa na matambara machafu ilipungua sana tulipomulika kwa tochi ya simu. Jamaa akataka kumalizia nusu ya pili palepale. Nikamkatalia. Shahidi lazima aishi.

Baada ya kuoshwa mara kadhaa, michubuko mingine ikarudi. Maana yake ilikuwa imejazwa, haikuwa imeondolewa. Mng'aro ulibaki kiasi: ukisimama mbali unaona tofauti, ila siyo ile ya siku ya kwanza. Maji yaliendelea kukimbia kwa karibu mwezi, kisha nusu zote mbili zikawa ndugu. Kwa dakika ishirini za kazi, siyo mbaya hata kidogo. Kwa maneno yaliyoandikwa kwenye chupa, bado sana.

Kwa hiyo ukitaka kuijaribu, ijaribu kwa kubakiza nusu, na mpe shahidi wako mwezi mzima kabla hujatoa hukumu. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, simama: aidha gari halina klia au klia imeisha. Na ukienda kununua gari yadi, omba lioshwe kwa sabuni mbele yako, liangalie kivulini, mulika tochi pembeni. Muuzaji akikasirika, umeshapata jibu.

Chupa hii siyo utapeli. Inauza kitu cha kweli, na kitu hicho ni muda. Inakurudishia Jumamosi ambayo watu wa Simoniz waliipoteza wakisugua makopo mawili. Mradi ujue kwamba ulinzi mkubwa uko kwenye kivuli, kwenye kitambaa kisafi, na kwenye ile klia ambayo unayo moja tu.

Haya, zamu yenu. Nani ameshanunua chupa kwenye foleni? Gari lilikuwaje baada ya mwezi? Tupe stori hapo chini, jina siyo lazima.